Muhuri, Mkono na Nia: Je, Salamu Iliyopigwa Chapa Ni Salamu ya Kweli?

Kadi ya salamu iliyotengenezwa kwa mkono hudai jambo ambalo kadi ya dukani haithubutu kulidai: kwamba mtu fulani aliketi, akamkumbuka mtu mwingine, akatoa sehemu ya siku yake kumtengenezea kitu. Dai hilo ni zito, nalo huanza kutiliwa shaka mara tu vifaa vya kazi yenyewe vinapotazamwa. Fundi wa kadi za namna hii hutumia mihuri, yaani vipande vya mpira, mbao au hata mhogo vilivyochongwa picha iliyogeuzwa ili ikigandamizwa karatasini isomeke sawasawa. Hutumia pedi za wino, ambazo ni vijisanduku vyenye sponji au kitambaa kilicholoweshwa rangi. Na hutumia kalibu za kukatia, yaani vyuma vyembamba vyenye makali vilivyokunjwa kwa umbo la ua, nyota au kipepeo, ambavyo vikikandamizwa juu ya manila hutoa kipande chenye umbo lile lile kila mara. Ua halikuchorwa na aliyelipiga chapa, nyota haikubuniwa na aliyeikata, na maneno ya kutakiana heri ya Krismasi au ya Idi yalikuwako kabla yake na yatakuwako baada yake. Ni kitu gani basi ndani ya kadi hiyo kinachoweza kuitwa chake, na kama hakuna, salamu iliyomo ni ya nani?

Swali hili laweza kuonekana dogo kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo, karatasi iliyokunjwa mara moja na kutiwa ndani ya bahasha. Hata hivyo, ndilo swali ambalo wanateolojia wa Kikristo, wanazuoni wa Kiislamu na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi kuhusu mambo makubwa zaidi, nalo ni kama umbo lililorudiwa linaweza kubeba uwepo wa kweli au kama kila marudio ni kivuli tu cha kitu kilichokwisha kuondoka. Makala haya yanashikilia kwamba linaweza, na kwamba sababu yake haipatikani kwa kuichunguza picha iliyo kwenye kadi, ambako watu wengi huitafuta, ila kwa kuichunguza salamu yenyewe na jinsi inavyofanya kazi baina ya watu.

Lisekese, mojawapo ya kata za Masasi kusini mwa Tanzania, katika nchi ya vilima vya mawe iliyo chini ya uwanda wa Makonde, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa watu wa huko huufahamu muhuri kwa maana nyingine kabisa kabla ya kuufahamu kama pambo. Masasi na Newala ni nchi ya korosho, na tangu mwaka 2007, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao humtaka mkulima aweke mazao yake ghalani na kupewa hati ya kuthibitisha uzito na daraja lake hadi siku ya mnada, maisha ya kaya nyingi yamefungamana na karatasi zilizopigwa muhuri. Barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji isiyo na muhuri ni karatasi tupu hata kama mwandiko wake unajulikana na kila mtu. Katika matumizi haya muhuri hufanya kazi ya kumwondoa mtu: mtendaji akihamishwa, anayekuja hurithi muhuri ule ule, na barua zilizopigwa na yule wa kwanza haziharibiki, kwa sababu aliyesema ndani yake ilikuwa ofisi. Ndiyo maana kughushi muhuri ni kosa la jinai, ilhali kuiga mchoro wa ua la jirani si kughushi.

Maana hii ya muhuri ni ya zamani, na Waislamu wa Masasi, kama Waislamu wengine, wanaijua kutokana na mapokeo ya sira, yaani historia ya maisha ya Mtume Muhammad. Mapokeo hayo yanaeleza kwamba Mtume alipotaka kuwaandikia wafalme wa mataifa ya jirani aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, hivyo akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake katika mistari mitatu. Baada yake pete ilivaliwa na Abu Bakr, kisha na Umar, kisha na Uthman, ambaye katika zama zake ilitumbukia katika kisima cha Aris huko Madina na haikupatikana tena. Inafaa kuona kwamba pete hiyo ilipita kwenye vidole vya watu wanne na ikaendelea kuwa muhuri wa jambo moja, jina la wa kwanza likiwa limekaa kwenye mkono wa wa pili, wa tatu na wa nne, na hakuna aliyedhani kwamba barua za makhalifa zilikuwa za uongo kwa sababu hiyo.

Kadi ya mkono hukiazima chombo hicho hicho kwa kusudi lililo kinyume. Muhuri wa ofisi hutumika ili mkono usionekane; fundi wa kadi anatumia muhuri ili mkono uonekane. Hapo ndipo penye ugumu, na ili ugumu huo uelezwe kwa haki ni lazima kazi yenyewe itazamwe kwa karibu.

Katika shule za msingi wanafunzi hufundishwa uchapaji wa namna hii kwa kutumia viazi, mabua, majani na mihogo, na kwa watoto wa upande wa Masasi na Newala mhogo ndio ulio karibu zaidi na mkono. Mhogo mbichi hukatwa kipande kinene, uso wake ukasawazishwa kwa kisu kikali, kisha picha ikachorwa kwa penseli na sehemu zote zisizotakiwa zikachimbwa kwa wembe hadi picha ibaki imeinuka. Kama kuna herufi, huchorwa kinyumenyume, na mtoto aliyesahau jambo hilo mara moja halisahau tena. Kwa kuwa mhogo hutoa maji yenye wanga yanayouzuia wino kushika, uso wake hupanguswa kwa kitambaa na kuachwa ukauke kidogo kabla ya kupakwa rangi. Muhuri wa mhogo haudumu, kwani baada ya siku chache hunyauka na kingo zake hujikunja, na ndiyo sababu wenye kutengeneza kadi nyingi hupendelea mpira, uwe ni muhuri ulioagizwa kwa fundi wa mihuri mjini, kifutio cha penseli, au soli ya kandambili kuukuu ambayo huchongeka vizuri kwa wembe mpya. Wino nao ni wa namna mbili ambazo fundi hulazimika kuzitofautisha: upo unaonywewa na karatasi, ambao hukauka upesi lakini hufifia ukikaa juani, na upo wenye chembechembe za rangi, ambao hukaa juu ya karatasi, huchelewa kukauka na hudumu miaka. Mkono huushusha muhuri wima, hukandamiza bila kuuyumbisha, kwa maana ukiyumba kingo za mpira nazo hugusa karatasi na kuacha mstari usiotakiwa, kisha huuinua mara moja bila kuuburuta. Kazi yote hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuisimulia, nayo hurudiwa kwa kila kadi.

Anayetazama kwa makini ataona kwamba chapa mbili za muhuri mmoja hazilingani kabisa: moja imekolea upande wa kushoto, nyingine ina petali iliyokosa wino. Wengi wanaoitetea kadi ya mkono hukimbilia hapo na kusema kuwa tofauti hizi ndizo ushahidi wa mtu, kwamba kila kadi ni ya pekee duniani na upekee wake ndio uwepo wa aliyeitengeneza. Hoja hii ina mvuto, na inaweza kujengewa msingi wa kifalsafa kutoka kwa Walter Benjamin, ambaye katika insha aliyoichapisha mwaka 1936 alidai kwamba kazi ya sanaa ina haiba inayofungamana na kuwapo kwake mahali pamoja na wakati mmoja, na kwamba haiba hiyo hunyauka kazi hiyo inapotolewa nakala kwa mashine. Lakini hoja yenyewe haitoshi. Mashine nazo hukosea, na nakala iliyotoka na doa haiwi barua ya upendo kwa sababu ya doa lake. Zaidi ya hayo, fundi mzuri hujitahidi kuziondoa tofauti hizo, kwa hiyo kama kasoro ndizo zingekuwa ushahidi wa uwepo, ingelazimu kukubali kwamba kadri fundi anavyozidi kuimudu kazi yake ndivyo anavyozidi kutoweka ndani yake, na kwamba mtoto mwenye mhogo ulionyauka yupo zaidi kuliko mama yake mwenye mkono uliotulia. Hakuna mpokeaji wa kadi anayeamini jambo hilo.

Historia ya kadi zenyewe inasaidia kuonyesha mahali ambapo upungufu hasa uko. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa kibiashara ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, aliyemwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, zikachapwa nakala zipatazo 1,000 kwa bamba la jiwe na kupakwa rangi kwa mkono. Cole alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi ambaye hakupata nafasi ya kuwaandikia marafiki wake barua mmoja mmoja kama ilivyokuwa desturi. Kwa hiyo kadi ya kuchapwa ilizaliwa kwa ukosefu wa muda, na kadi ya mkono, inayokaa kando yake, huurudisha muda ule ule uliookolewa. Kinachotofautiana kati ya hizo mbili ni tendo zaidi ya picha, na picha zao zinaweza hata kufanana.

Je, picha iliyorudiwa inaweza kuwa ya kweli katika kila karatasi? Hapa falsafa ya kale ilikwisha kutumia mfano wa muhuri kabla ya yeyote kufikiria kadi. Aristotle, akieleza jinsi hisi zinavyopokea vitu, alisema kwamba hisi hulipokea umbo bila maada yake, kama nta inavyopokea alama ya pete bila kupokea chuma au dhahabu iliyoifanya pete. Mfano huo ulichukuliwa na Theodore wa monasteri ya Stoudios huko Konstantinopoli, aliyeishi kati ya mwaka 759 na 826 na aliyefukuzwa na kufungwa kwa kuzitetea sanamu takatifu dhidi ya wafalme waliotaka ziharibiwe. Theodore alitoa hoja kwamba muhuri mmoja ukipigwa kwenye nta, kwenye lami au kwenye udongo, alama ni ile ile moja ingawa maada zinatofautiana, na kwamba alama hiyo haichanganyiki na maada wala haipungui kwa kugawanywa. Alikwenda mbali zaidi: muhuri ambao haujapigwa popote ni kama uwezo uliolala, na unapopigwa ndipo unapodhihirika kuwa muhuri. Kwa mujibu wa hoja hii, kurudiwa hakuudhuru muhuri, maana ndiyo kazi yake. Aliyeuchonga mhogo wake kisha akauweka mezani bila kuupiga popote bado hajatengeneza kitu cha kumfikia mtu.

Makanisa yaliyo Masasi yameishi na fikra hiyo kwa njia ya sakramenti, yaani ishara zinazoonekana za neema isiyoonekana. Mafundisho ya Kikatoliki, yaliyothibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1547, husema kwamba ubatizo, kipaimara na daraja takatifu huacha rohoni alama isiyofutika, na kwamba ndiyo sababu havirudiwi kwa mtu yule yule. Maneno ya ubatizo ni yale yale kwa kila mtoto, na mafuta ya krisma, yaliyobarikiwa na askofu katika ibada moja kwa ajili ya jimbo zima, hupakwa kwenye mapaji ya vijana wasiohesabika, lakini hakuna mzazi anayedhani kwamba mwanawe alipata nakala hafifu ya kipaimara cha mtu mwingine. Umbo ni moja na anayepigwa muhuri ni mmoja mmoja.

Wamakonde wa uwanda wa Makonde walikuwa na hoja hiyo hiyo kwenye ngozi. Nembo zao, yaani chale za mapambo zilizochanjwa usoni, kifuani na tumboni, zilikatwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa unga wa makaa hadi jeraha likapona likiwa na rangi ya samawati iliyoiva, na pengine likakatwa tena ili alama iinuke. Michoro yake, mistari ya pembe inayofuatana, misalaba, miti na viumbe wadogo, haikuwa mali ya mchanjaji wala ya mchanjwaji. Ilirithiwa na kurudiwa kutoka mwili hadi mwili, na urudiaji huo ndio ulioifanya imtambulishe mtu kuwa Mmakonde. Lakini hakuna ngozi mbili zilizoihisi sawa, na aliyeibeba nembo aliibeba kwa maumivu yake mwenyewe, ambayo hayakuweza kurithiwa. Desturi hiyo imekwisha kuachwa, na wazee waliobaki nayo ni wachache. Kwa swali linalojadiliwa hapa, ushuhuda wao una uzito kuliko wa Benjamin, kwa sababu wanaonyesha jamii nzima iliyoliona umbo la kurithiwa kuwa njia ya mtu kujulikana alivyo, pasipo kuliona kuwa kikwazo.

Hata hivyo, ngozi na roho ni kitu kimoja, na karatasi ni kingine. Kadi haimbadilishi anayeipokea jinsi chale inavyombadilisha anayechanjwa, humsalimu tu. Kwa hiyo uamuzi wa swali unapaswa kutafutwa kwenye salamu.

Salamu za Kiswahili, na za lugha nyingi za eneo hili, hazibuniwi na anayesalimu. Kijana wa Lisekese akikutana na mzee njiani hutamka shikamoo, akajibiwa marahaba, na baada ya hapo huja habari za nyumbani, za watoto, za shamba, kwa utaratibu ambao wote wawili wanaujua tangu utotoni. Mtu akijaribu kumsalimu mzee kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, hata yawe mazuri kiasi gani, atahesabiwa kuwa hajasalimu. Wakati huo huo, hakuna anayemwita kijana mnafiki kwa kuwa alitumia neno lililotumiwa na kila mtu asubuhi hiyo. Salamu ni umbo lililochongwa zamani na jamii nzima, ambalo kila mtu hulichukua na kulikandamiza juu ya wakati alio nao na mtu aliye mbele yake. Uwepo wake unatokana na kwamba ni yeye aliyesimama, aliyeinamisha kichwa na aliyengoja jibu. Hii ndiyo hoja kuu ya makala haya: kama salamu ya kinywa, iliyo kamili katika kurudiwa kwake, ni salamu ya kweli, basi hakuna sababu ya kuitaka salamu ya karatasi iwe na upekee ambao salamu ya kinywa haijawahi kuwa nao.

Mjadala huu una sura yake ya kidini ambayo Masasi imeijua tangu mwanzo wa misheni zake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani Zanzibar, wakaanzisha makazi ya Kikristo. Steere mwenyewe alikuwa mfasiri na mchapaji, na Ukristo alioufikisha ulikuwa wa kitabu cha sala: maungamo, zaburi na dua zilizopangwa, zinazosomwa na wote kwa maneno mamoja. Wabenediktini nao, waliojenga misheni ya Ndanda mwaka 1906 baada ya vituo vyao vya awali kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, waliweka huko kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya dini kwa Kiswahili. Leo katika miji hiyo hiyo yako makanisa ya Kipentekoste ambayo waumini wake husali kwa maneno yanayowajia papo hapo, na baadhi yao huiona sala ya kitabuni kuwa maneno ya mtu mwingine yanayopitishwa kinywani bila kupita moyoni. Shutuma hiyo ndiyo ile ile inayoelekezwa kwa kadi iliyopigwa muhuri. Jibu la upande wa kitabu limekuwa kwamba mtu aliyechoka, aliyefiwa au aliyevurugika akili hana maneno yake mwenyewe, na kwamba umbo lililokwisha kuwapo humbeba hadi pale ambapo asingeweza kufika peke yake. Katika swali hili makala haya yako upande wa kitabu, ingawa yanakiri kwamba wenye shutuma wanalinda jambo la kweli, nalo ni kwamba umbo linaweza kutumika bila mtu kuwapo.

Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, alilikabili jambo hilo kwa upana zaidi alipoamua kwamba jando, yaani mafunzo na tohara ya wavulana, lisifutwe bali lifanywe chini ya Kanisa, likibaki na kambi yake, wakufunzi wake na sherehe ya kutoka, huku maombi na baraka za Kikristo zikichukua nafasi ya matambiko. Walikuwapo waliouliza kama umbo la kale linaweza kutiwa roho mpya, au kama lingeendelea kunena kile lilichokuwa likinena siku zote. Swali hilo halikujibiwa kwa maneno. Lilijibiwa na watu walioingia kambini na kutoka, kila mmoja akijua alichokiingilia. Jambo linaloonekana hapo ni kwamba umbo halijitoshelezi wala halijiharibu lenyewe, na kwamba kinachoamua ni kile ambacho wenye kulitumia wanakikusudia mbele ya wenzao.

Kukusudia huko Waislamu hukuita nia, na wanazuoni wamekufafanua kwa kina kuliko pengine watu wote. Kabla ya kuingia humo yafaa kutaja kwa ufupi suala la picha, kwa sababu fundi anayetengeneza kadi za Idi hukutana nalo kwanza. Wanazuoni wengi, akiwamo an-Nawawi wa karne ya 13, walikataza kuchora viumbe wenye roho, na imepokewa kwamba Ibn Abbas alimshauri mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora achore miti na vitu visivyo na roho. Ndiyo maana kalibu za mwezi mwandamo, nyota, majani na msikiti zinawafaa wote, na kipepeo anahitaji kuulizwa. Mpaka huo haujawanyima mafundi kitu, kwa kuwa jani moja likikatwa na kupangwa kwa duara mara nane hufanya pambo ambalo wachongaji wa milango ya pwani wangelitambua.

Kuhusu nia, tatizo gumu zaidi huja kwenye wingi. Mtengenezaji wa kadi moja kwa ajili ya mama yake hana shida, kwa maana mkono na moyo viko mahali pamoja. Lakini kamati ya harusi ikihitaji kadi 100 za mwaliko, na vijana watatu wakaketi kuzipiga muhuri, kuzikata na kuzigandisha, haiwezekani kufikiri kwamba kadi ya 60 ilipata uangalifu wa kadi ya kwanza. Mkono unaendelea wakati moyo uko kwenye bei ya korosho au kwenye usingizi. Je, kadi hizo ni maganda matupu?

Majibu mawili ya kale yanafaa kuwekwa pamoja. La kwanza ni la Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliyeishi kuanzia 354 hadi 430, katika ugomvi wake na Wadonati, waliodai kwamba sakramenti iliyotolewa na mhudumu asiyestahili ni batili. Agostino alijibu kwa mfano wa alama waliyochanjwa askari wa Kirumi: askari akitoroka jeshini alama haifutiki, na akirudi hachanjwi tena, kwa sababu alama ni ya mfalme, si ya aliyeichanja. Jibu hili haliwezi kuhamishiwa kwenye kadi bila marekebisho. Sakramenti husimama juu ya ahadi ya Mungu, ambaye hasinzii. Kadi husimama juu ya ahadi ya mtu. Usingizi wa fundi hauwezi kufunikwa na mwingine aliye macho.

La pili, ambalo linafaa zaidi, ni la al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha Ihyaa Ulumid-Din alihimiza kwamba roho ya swala ni kuhudhurisha moyo, na kwamba ulimi unaosoma huku moyo umeghafilika haujanong'ona na Mola wake. Lakini alitambua kwamba likiwekwa sharti la moyo kuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, watu wote wangeshindwa isipokuwa wachache mno, na kwa hiyo kiwango cha chini ambacho wanadamu wanaweza kutakiwa nacho ni moyo uwepo hata katika dakika moja, na dakika inayofaa zaidi ni ile ya takbira ya kufungulia swala. Hapo kuna kipimo cha kazi ya mikono pia. Kadi 100 hazihitaji kutazamwa zote kwa macho ya upendo katika kila hatua ya kukata na kugandisha. Zinahitaji dakika moja kila moja, na dakika hiyo, kwa kadi, ni pale jina la anayealikwa linapoandikwa. Ua ni la wote, maneno ni ya wote, na jina ni la mtu mmoja. Kamati inayoyafanya majina kuwa kazi ya mwisho ya usiku, ikamwachia mwenye mwandiko mzuri anayesoma orodha bila kuwafahamu waliomo, imeitoa takbira yenyewe na kubakiza miondoko.

Au pengine haijaitoa. Uwakilishi unakubalika katika mambo mengi ya ibada: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na kusini mwa Tanzania, mtu anaweza kumweka wakili amtolee zaka yake. Salamu nazo hutumwa. Imepokewa kwamba Mtume alimfikishia Aisha salamu za Jibrili, naye Aisha akaitikia ingawa hakumwona aliyemsalimu, na wanazuoni wamesema kwamba aliyekubali kufikisha salamu ya mtu amebeba amana. Wasafiri wa Masasi hadi leo huondoka wakiwa wamebebeshwa salamu za watu wa nyumbani kwa ndugu walioko Dar es Salaam, na aliyesahau kuzifikisha huona haya.

Kwa mtazamo huo, hata kadi ya kuuzwa, ambayo mwenye kuitengeneza hamjui atakayeipokea, inapata mahali pake. Hali hiyo ndiyo waliyokuwa nayo wasanii wa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ambako Wamakonde kama George Lilanga walifanya kazi na ambako uchapaji wa michoro ulistawi: picha iliyotoka mikononi mwao ilinunuliwa na mgeni, ikapelekwa kwa mtu wa nchi wasiyoijua, na kumsemea mnunuzi wake. Fundi wa kadi ya kuuzwa si msalimu, ni mchukuzi wa salamu ambayo bado haijatamkwa, na nia inayotakiwa kwake ni ya mchukuzi. Haimpasi kumpenda asiyemjua. Inampasa asiuze kadi ambayo wino wake wenye chembechembe haujakauka, ukaja ukaacha ua la pili, hafifu na lililogeuka, kwenye upande wa ndani ambako mtu mwingine alikuwa amekusudia kuandika jina.